Ruhusa ya 777 imefungua tovuti, lakini seva imenikataa mimi mwenyewe: nifanyeje?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Natunza tovuti ya sakosi yetu hapa Morogoro. Mwezi huu tulihama kutoka huduma ya pamoja tukakodi VPS (seva ya kukodi) yetu wenyewe, yenye mfumo wa Ubuntu 22.04 na Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti. Mafaili niliyaweka kwenye /home/sakosi/tovuti, kama nilivyozoea kule tulikotoka. Kila aliyefungua tovuti alikutana na 403, yaani kosa la kukatazwa kuona ukurasa. Nikabadilisha ruhusa za folda ya tovuti kuwa 755 (mwenyewe kila kitu, wengine kusoma na kupita), ikawa vile vile. Rafiki yangu akaniambia niandike sudo chmod -R 777 /home/sakosi, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu humo ndani, na kweli tovuti ikafunguka papo hapo. Ila leo ni siku ya nne, na kila nikijaribu kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH najibiwa "Permission denied (publickey)". Ufunguo ni ule ule, kompyuta ni ile ile. Tovuti inafanya kazi, mimi ndiye siingii. Nimekosea wapi, na nitarudije ndani bila kupoteza taarifa za wanachama?

Jibu

Pole sana ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaamua kufuta seva uanze upya, maana hapo ndipo watu hupoteza data. Mafaili yako yapo. Ufunguo wako ni mzima. Amri iliyofungua tovuti ndiyo hiyo hiyo iliyokufungia wewe nje, na nitakueleza kwa nini. Lakini aliyefungiwa nje anataka kwanza kuingia, masomo baadaye, kwa hiyo tuanze na hilo.

Kurudi ndani

Angalia kama kuna dirisha lolote la SSH lililoachwa wazi, kwenye kompyuta yako au ya mwenzako ofisini. SSH hukagua ruhusa mtu anapoingia tu. Aliyekwisha ingia hatolewi. Kama lipo, usilifunge hata kwa bahati mbaya.

Kama halipo, jaribu kuingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Uligusa /home/sakosi peke yake, na makazi (folda binafsi) ya root ni /root, ambako hakuna kilichobadilika. Kampuni nyingi zinazokodisha VPS humwekea root ufunguo wa mteja siku ile seva inapoundwa, na Ubuntu kwa kawaida humruhusu root kuingia kwa ufunguo ingawa humkataza kuingia kwa nywila.

Ikishindikana, fungua ukurasa wa udhibiti wa kampuni mnayokodi kwao utafute konsoli. Hiyo ni skrini ya seva yenyewe ndani ya kivinjari. Haipiti kwenye SSH, inataka jina na nywila tu. Na kama akaunti yako haikuwahi kuwekewa nywila, omba hali ya uokoaji. Seva itawashwa kwa mfumo mdogo wa muda, nawe utaipachika diski yako pembeni, mathalani kwenye /mnt. Ukiwa huko kumbuka kwamba /home/sakosi inaitwa /mnt/home/sakosi. Kwenye ukurasa huo huo huwa kuna kitufe cha kujenga seva upya. Usikiguse, kinafuta diski nzima.

Ukishaingia, kwa njia yoyote kati ya hizo, kazi ni mistari mitatu. Ukiwa root hauhitaji sudo:

chmod go-w /home/sakosi
chmod 700 /home/sakosi/.ssh
chmod 600 /home/sakosi/.ssh/authorized_keys

Mstari wa kwanza unaondoa ruhusa ya kuandika kwa kundi na kwa watu wengine, hivyo 777 ya folda ile inabaki 755. Tovuti haitazimika. Miwili inayofuata inarudisha folda ya funguo na orodha ya funguo mikononi mwa mwenyewe peke yake. Jaribu SSH sasa hivi. Huna haja ya kuwasha upya chochote, isipokuwa kama uko kwenye hali ya uokoaji: hapo kwanza irudishe seva kwenye mfumo wake wa kawaida.

Kwa nini SSH ilikukataa

Ukisoma /var/log/auth.log ya siku hizo nne utakuta mstari kama huu: "Authentication refused: bad ownership or modes for file /home/sakosi/.ssh/authorized_keys". Wewe uliyekuwa nje hukuuona, kwa sababu SSH haimwambii mgeni asiyejulikana undani wa nyumba. Inamwambia tu amekataliwa, na sababu inaiandika ndani.

Sababu yenyewe ni ya busara kabisa. Ruhusa ya kuandika kwenye folda maana yake ni uwezo wa kuongeza, kufuta na kubadilisha majina ya vilivyomo. Kwa hiyo kama /home/sakosi inaandikika na kila mtu, programu yoyote iliyomo kwenye seva inaweza kuisukuma folda yako ya .ssh pembeni, ikaweka .ssh yake yenye ufunguo wa mwizi, kisha mwizi akaingia kwa jina lako. Haijalishi authorized_keys yenyewe umeifunga vipi. SSH inalijua hilo, ndiyo maana inakagua faili la funguo na kila folda iliyo juu yake mpaka kwenye makazi yako, na ikikuta sehemu moja inaandikika na wengine inakataa kuuamini ufunguo wowote uliomo.

Kuna watu watakushauri uweke StrictModes no kwenye mipangilio ya SSH ili iache ukaguzi huo. Tafadhali usifanye hivyo. Mlinzi wa zamu amekuzuia kwa sababu amekuta dirisha la uani liko wazi. Funga dirisha, umwache mlinzi kazini.

Na 403 ya mwanzo ilitoka wapi

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ukielewa hapa hutarudia tena 777 maishani mwako.

Fikiria nyumba ya kupanga. Kuna geti la nje, kuna ukumbi, kuna chumba chako mwisho wa ukumbi. Ukimpa mgeni ufunguo wa chumba huku geti limefungwa, hafiki chumbani, na hata ungeng'oa mlango wa chumba bado atakuwa barabarani. Apache inapotaka kusoma /home/sakosi/tovuti/index.php inapita mlango kwa mlango: kwanza /, halafu home, halafu sakosi, halafu tovuti, ndipo ifike kwenye faili. Kwenye kila folda ya njiani inahitaji ruhusa ya x. Kwenye faili x ni kutekeleza programu, lakini kwenye folda x ni ruhusa ya kupita. Ni tofauti na r, ambayo kwenye folda huruhusu kuorodhesha majina ya vilivyomo. Mwenye x bila r anapita akijua jina la anachokifuata, ila hawezi kuchungulia. Mwenye r bila x anasoma majina lakini hagusi kitu.

Sasa, Apache kwenye Ubuntu haifanyi kazi kwa jina lako. Inatumia akaunti iitwayo www-data, ambayo kwa makazi yako ni mgeni kabisa: si mmiliki, wala hayumo kwenye kundi lako. Na Ubuntu, kuanzia toleo la 21.04 la mwaka 2021, huunda makazi ya kila mtumiaji mpya yakiwa na 750, yaani mmiliki kila kitu, kundi kusoma na kupita, wengine hawana chochote. Kabla ya hapo, mpaka 20.04, ilikuwa 755 na kila mtu alipita. Kwa hiyo mafunzo mengi yaliyoandikwa miaka ile yalisema kweli wakati ule, na mtu akiyafuata leo kwenye 22.04 anakutana na 403 bila kujua geti lilifungwa lini.

Wewe ulifungua chumba: tovuti ikawa 755. Geti, yaani /home/sakosi, lilikuwa bado 750. Kilichohitajika kilikuwa tarakimu moja kwenye folda moja. 777 ilifanya kazi kwa sababu kati ya maelfu ya ruhusa ilizozimwaga ilikuwemo ile x moja.

Kule kwenye huduma ya pamoja hukuwahi kuliona tatizo hili, kwa kuwa huko mara nyingi PHP huendeshwa kwa jina la akaunti yako mwenyewe. Mwenye nyumba hahitaji kubisha hodi. Tena huko, seva zinazotumia suEXEC (nyenzo ya Apache ya kuendesha skripti kwa jina la mwenye akaunti) hukataa kuendesha skripti iliyomo kwenye folda inayoandikika na wengine, kwa hiyo 777 ingekupa kosa la 500 badala ya kukufungulia.

Jinsi ya kuuona mlango uliofungwa

Siku nyingine ukikutana na 403, kabla ya kugusa chmod, andika hii:

namei -l /home/sakosi/tovuti/index.php

Itakupangia kila hatua ya njia, mstari mmoja kwa kila folda, ikiwa na ruhusa, mmiliki na kundi. Unashuka kwa jicho, unatafuta mstari wa kwanza ambao www-data hapiti. Siku ile ungeona drwxr-x--- mbele ya jina sakosi, na kazi ingekuwa imekwisha.

Kisha ujaribu kwa macho ya seva, usitumie yako:

sudo -u www-data cat /home/sakosi/tovuti/index.php

Hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Wengi hujaribu kusoma faili wakiwa root, linasomeka, wanahitimisha kwamba ruhusa ziko sawa. Root hazuiwi na ruhusa hizi, kwa hiyo jaribio lake halithibitishi kitu.

Na usome /var/log/apache2/error.log. Ukikuta maneno "search permissions are missing on a component of the path", Apache inakwambia wazi kwamba kuna folda ya njiani haina x. Ukikuta "client denied by server configuration", achana na chmod kabisa: ruhusa za mafaili hazihusiki, ni mipangilio ya Apache yenyewe iliyokataa, na kwa kawaida folda hiyo haijaandikiwa Require all granted. Makosa mawili tofauti, 403 ile ile usoni. Ukiona malalamiko kuhusu .htaccess, ujue faili hilo halisomeki kwa www-data, au folda yake haimpitishi. Apache isipoweza kulikagua huzuia ukurasa mzima, maana haijui kama ndani yake kuna makatazo.

Kusafisha 777

Bado ndani ya makazi yako kila faili lina 777. Ushauri wangu ni kuihamisha tovuti kabisa kutoka kwenye makazi ya mtu. Mahali pake ni chini ya /var/www, ambako www-data anapita na ambako mipangilio ya Apache ya Ubuntu tayari inaruhusu. Makazi yako yabaki ya kwako.

sudo mv /home/sakosi/tovuti /var/www/sakosi
sudo chown -R sakosi:www-data /var/www/sakosi
sudo find /var/www/sakosi -type d -exec chmod 2750 {} +
sudo find /var/www/sakosi -type f -exec chmod 640 {} +

Halafu badilisha DocumentRoot (njia ya folda ya tovuti) na sehemu ya Directory kwenye faili la tovuti yako ndani ya /etc/apache2/sites-available, na uipakie upya Apache kwa sudo systemctl reload apache2. Ikikujibu vizuri na tovuti ikafunguka, ndipo urudishe makazi yako kuwa 750.

Tazama nilivyotenganisha folda na mafaili. Ukiandika chmod -R 640 kwa pamoja, folda nazo zinapoteza x na tovuti inafungika moja kwa moja. Nimeona hili likitokea mara nyingi kuliko kosa lako. Wapo wanaotumia X kubwa, kama chmod -R u=rwX,g=rX, ambayo huweka x kwenye folda na kuacha mafaili. Ni njia nzuri, ila haikufai wewe leo, kwa sababu X kubwa huliachia x faili lolote ambalo tayari linayo, na baada ya 777 mafaili yako yote yanayo.

Ile 2 ya mbele kwenye 2750 inafanya kila kitakachoundwa humo kirithi kundi la www-data, usije ukapakia faili jipya kesho likagoma kusomeka. Na www-data anasoma tu, haandiki. Anapaswa kuandika pale tu ambapo programu inahifadhi vitu, kama folda ya fomu na picha zinazopakiwa na wanachama. Hiyo peke yake ipe 2770. Nashikilia sana jambo hili. Plagini yenye tundu ikidukuliwa, mdukuzi anapata mikono ya www-data. Kama mikono hiyo haiwezi kuandika kwenye msimbo wa tovuti, anapata tabu kubwa ya kupanda mlango wake wa siri.

Ukihamia siku moja kwenye Rocky au AlmaLinux, aina nyingine za Linux, kuna safu nyingine ya ulinzi, SELinux. Huko mv hubeba lebo ya mahali faili lilikotoka, na Apache hukataa kusoma kitu chenye lebo ya makazi hata kiwe 777. Dawa ni sudo restorecon -Rv /var/www/sakosi. Kuizima SELinux si dawa.

Siku nne za wazi

Hili sitaki ulipuuze. 777 haimaanishi kwamba mtu wa mtaani aliona mafaili yako kupitia kivinjari. Inamaanisha kila akaunti na kila programu kwenye seva hiyo iliweza kuyasoma na kuyabadilisha, na Apache inayopokea maombi kutoka duniani kote ni mojawapo. Ninyi mna fomu za mikopo, majina, namba za simu na vitambulisho vya watu waliowaamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu.

Kwa hiyo badilisha nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya faili la mipangilio ya tovuti. Fungua authorized_keys uhesabu mistari. Kila ufunguo usioutambua uondoe. Kama ndani ya .ssh kuna ufunguo wa siri, labda wa kuvuta msimbo kutoka git (hifadhi ya matoleo ya msimbo), tengeneza mwingine. Hata hivyo huo wa zamani SSH itaukataa ukiwa na 777, kwa onyo kwamba uko wazi mno. Kisha tafuta msimbo ulioguswa siku za karibuni:

sudo find /var/www/sakosi -type f -name '*.php' -mtime -7

chmod haibadilishi tarehe ya yaliyomo ndani ya faili, inabadilisha tu tarehe ya hali yake, kwa hiyo orodha hii bado ina maana. Faili la PHP ndani ya folda ya picha ni dalili mbaya popote utakapolikuta, hata tarehe yake iwe ya zamani, maana tarehe hughushiwa. Ukilikuta, linganisha msimbo wote na nakala yako ya akiba, na uwaambie viongozi wa sakosi siku hiyo hiyo.

Kuhusu -R

Umepona kwa sababu uliandika njia sahihi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye seva ya mteja, nikaandika amri kama yako, nikaweka nafasi moja kati ya / na home. chmod haina kizuizi cha kawaida kinachoilinda /, kwa hiyo ilianza kwenye mzizi wa mfumo. Nilibonyeza Ctrl na C baada ya sekunde chache, nikiwa nimechelewa. sudo iliacha kufanya kazi, kwa kuwa 777 huifuta alama maalumu inayoiwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya root. Funguo za seva yenyewe zilikuwa wazi mno, SSH ikagoma kuzitumia. Mifumo ya RPM, kama hiyo Rocky, ina amri ya kurudisha ruhusa za vifurushi vyote, rpm --setperms -a; seva ile ilikuwa Ubuntu, haina. Tulitoa data kupitia hali ya uokoaji na kujenga seva mpya mpaka alfajiri.

Tangu hapo kila seva ninayoishika huwa na nakala ya ruhusa zake:

cd / && sudo getfacl -R etc home var/www > ~/ruhusa.acl

Kama amri haipo, sakinisha kifurushi kiitwacho acl. Faili hilo lipeleke nje ya seva. Siku ukikosea, unaenda kwenye / na kuandika sudo setfacl --restore= ikifuatiwa na njia ya faili hilo, na kila kitu kilichoorodheshwa kinarudi na mmiliki wake na ruhusa zake. Itengeneze baada ya usafi huu, usije ukahifadhi zile 777.

Ukimaliza yote haya, usifunge dirisha ulilonalo. Fungua la pili, ingia kwa SSH upya ukiwa na ufunguo wako. Likikupokea, ndipo ufunge la kwanza.